Kama kuvunja bondi kunakula nishati, moto wa gesi unatoka wapi?

MitungiFreeArea (Nakuru)

Hamjambo wana jukwaa. Nauza gesi ya kupikia hapa Free Area, Nakuru. Shule niliikatizia kidato cha tatu kwa sababu ya karo, na sasa nimejisajili mtihani wa kidato cha nne, KCSE, kama mtahiniwa wa kibinafsi. Nasomea dukani. Mteja akiondoka nafungua kitabu, akija mwingine nakifunga.

Mada iliyonikwamisha ni mabadiliko ya nishati. Kitabu cha kemia kinasema kuvunja bondi, yaani kile kinachoshikanisha atomi na atomi, kunahitaji nishati, bondi yoyote ile. Haya. Daftari la baiolojia nililoazima kwa binamu yangu limeandikwa kwa wino mwekundu kwamba nishati huhifadhiwa ndani ya bondi za ATP (molekuli inayoipa seli nishati), na bondi ikivunjika nishati hutoka. Mwalimu wetu wa masomo ya jioni naye alisema gesi na mafuta "zina nishati nyingi ndani ya bondi zake", tukataka kumuuliza, saa zikawa zimeisha.

Sasa mimi nashinda na hiyo gesi kutwa. Mtungi wa kilo 13 nikiubeba begani nasikia uzito, joto silisikii. Tena kuna kinyume chake. Mama mmoja jirani anapika chapati kwa jiko lile la moto mkubwa, na asubuhi za Julai mtungi wake unatoa jasho upande wa chini, siku nyingine unashika barafu nyeupe kabisa ya kukwaruza kwa ukucha. Yaani gesi ikitoka mtungini inaleta baridi, ikifika jikoni inaleta moto!

Maswali yangu basi. Kama nishati imo ndani ya bondi za gesi, mbona haitoki mpaka mtu awashe kiberiti? Na kama kuvunja bondi kunakula nishati, hilo joto linalopika chapati linatoka wapi? Nimekokotoa propani, moja ya gesi za mtungini, kwa jedwali la nishati za bondi nikapata kilojuli 2046 zinazotoka kwa kila moli (kipimo cha idadi ya molekuli; moli ya propani ni gramu 44). Kitabu kimeandika 2220. Hiyo si tofauti ya kukadiria namba.

Mwenye kujua anifungulie.

Kamanda_Kakamega

Ndugu, usijitese. Nishati imo ndani ya bondi, ukivunja bondi inatoka. Ndivyo tulivyofundishwa na tukapita. Wakiuliza andika hivyo, songa mbele.

NyarAhero (Kisumu)

Kamanda, akiandika hivyo kwenye karatasi ya kemia atapigwa mkasi, na mimi nitasimama upande wa mtahini.

MitungiFreeArea, karibu. Mimi ni mtu wa maabara. Kazi yangu ni kupima asidi, kuosha vyombo na kuwatayarishia watahiniwa wa kidato cha nne majaribio yao, huku upande wa Kisumu, tangu wakati wa themomita za zebaki. Swali lako nalisikia kila mwaka, ila kutoka kwa mtu anayebeba mitungi ndiyo mara ya kwanza, na kwa kweli wewe una faida kuliko wanafunzi wangu.

Tuanze na bondi yenyewe. Chukua atomi za haidrojeni, kila moja kivyake. Zikikutana mbili mbili na kushikana, zinatoa kilojuli 436 kwa kila moli ya bondi. Ukitaka kuzitenganisha utarudisha hizo hizo 436, hupunguziwi hata moja. Fikiria kisima: ndoo kushuka inashuka yenyewe, kuipandisha ndiyo jasho. Bondi imara ni kisima kirefu. Kwa hiyo mtu akikuambia bondi imara ina nishati nyingi "ndani", mkatalie. Atomi zilizo ndani ya bondi imara zilishatoa nishati yao siku zilipoungana, na sasa hazina kitu cha kukupa mpaka zipate mahali pa kushuka zaidi.

Hapo ndipo jiko lako linapoingia. Propani haivunjiki ikaishia hapo. Atomi zake zinahama na kushikana na oksijeni ya hewani:

C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O

Nirudie hesabu yako ili wengine waione. Upande wa kuvunja: ndani ya propani kuna bondi 2 za kaboni na kaboni, 347 kila moja, na 8 za kaboni na haidrojeni, 413 kila moja. Hizo ni 694 na 3304, jumla 3998. Bado oksijeni: molekuli 5, kila moja na bondi yake ya 498, ni 2490. Kwa hiyo kuvunja kila kitu kunadai kilojuli 6488.

Upande wa kuunda: kaboni dioksaidi 3 zina bondi 6 za kaboni na oksijeni, 805 kila moja, ni 4830. Maji 4 yana bondi 8 za oksijeni na haidrojeni, 463 kila moja, ni 3704. Jumla 8534.

Zimeingia 6488, zimetoka 8534. Baki ni 2046, na hiyo ndiyo inayopika chapati. Hesabu yako haina kasoro. Hiyo 2220 nitaifikia.

Lakini usiharakishe kufunga daftari. Rudi utazame namba moja moja, uniambie ni bondi gani dhaifu hapo. Wengi wanadhani ni za gesi. Si kweli. Bondi ya kaboni na haidrojeni, 413, iko karibu na ile ya maji, 463. Kuihamisha haidrojeni pekee hakukupi utajiri wowote. Dhaifu ni ya oksijeni. Ina mikono miwili iliyoshikana, na bado nguvu yake yote ni 498. Mikono miwili ya kaboni na oksijeni kwenye kaboni dioksaidi ni 805. Oksijeni ya hewani ndiyo iliyo kwenye kisima kifupi, nayo ndiyo inayoshuka mbali zaidi.

Ndiyo maana sipendi kusikia kwamba nishati "imo kwenye gesi". Imo kwenye gesi na hewa kwa pamoja, na ukinilazimisha nichague upande mmoja, nachagua hewa. Nina sababu. Chukua joto linalotoka kitu kikiungua kabisa, ligawanye kwa moli za oksijeni kilizotumia. Methani, ile ya samadi ya ng'ombe: 890 gawanya kwa 2, ni 445. Propani: 2220 kwa 5, ni 444. Butani, mwenzake propani mtungini: 2878 kwa 6.5, ni 443. Ethanoli, ile wanayotengeneza Muhoroni kwa molasi: 1367 kwa 3, ni 456. Glukosi, ile tunayoiunguza mwilini tukila ugali: karibu 2803 kwa 6, ni 467. Vitu havifanani kwa rangi, harufu wala bei, na kila moli ya oksijeni inaleta karibu kiasi kile kile. Makaa ukiyahesabu kama kaboni tupu yanashuka kidogo, 394, kwa sababu atomi za kaboni kwenye makaa zimeshikana vizuri zaidi.

Jambo hili si jipya. Mwingereza W. M. Thornton aliliandika mwaka 1917, na hadi leo maabara za uchunguzi wa moto hulitumia: wanachoma kiti au godoro, wanapima oksijeni iliyopungua kwenye hewa, na kwa kila gramu ya oksijeni wanahesabu kama kilojuli 13 za joto. Hawahitaji kujua godoro lilitengenezwa kwa nini.

Na hesabu ya duka lako ni hii. Moli moja ya propani ni gramu 44, oksijeni yake ni gramu 160. Kwa hiyo mtungi wa kilo 13 hauishi mpaka uwe umetumia kilo 47 za oksijeni. Wewe unapima kilo 13 kwenye mizani. Hizo nyingine 47 mteja anazipata bure kupitia dirishani.

Kiberiti: gesi na hewa zikichanganyika baridi hazifanyi kitu kwa sababu lazima bondi chache zivunjike kwanza, kabla mpya hazijaundwa. Cheche inavunja za kwanza, vipande vyake vinashika oksijeni, joto linatoka, na joto hilo linavunja zinazofuata. Kiberiti hakilipii zote 6488, kinaanzisha tu. Ndiyo maana pia gesi inayovuja dukani kwako inaweza kukaa chini sakafuni kimya, maana ni nzito kuliko hewa, ikingoja mtu abonyeze swichi. Hilo unalijua kuliko mimi.

Mtungi wa jirani yako: pale hakuna bondi hata moja iliyovunjika ndani ya molekuli. Gesi imo mtungini ikiwa kimiminika, inatoka ikiwa gesi. Molekuli zinaachana, zenyewe zikiwa nzima. Hata kuachana huko kunadai nishati, lakini ni ndogo, chini ya kilojuli 25 kwa moli, ukilinganisha na 3998 za kuifumua propani yote. Joto hilo linanyonywa kutoka kwenye chuma cha mtungi, nacho chuma kinanyonya kutoka kwenye hewa ya Nakuru, ambayo mwezi wa Julai haina la ziada. Mama anapika kwa moto mkubwa, kimiminika kinachemka haraka, chuma hakipati muda wa kupata joto tena. Basi barafu.

Hiyo 2220 na mambo ya ATP nitarudi baada ya kazi. Kuna kidato cha tatu wananingoja na mabomba ya kioo.

Kamanda_Kakamega

Madam, sikatai hesabu. Lakini lugha ya kila siku ni kwamba petroli ina nishati. Sasa nikienda kituo cha mafuta niseme nauziwa nusu ya nishati, nusu nyingine iko hewani?

NyarAhero

Sema. Na gari likizama Ziwa Victoria na tangi limejaa, waulize kwa nini injini imezimika.

Shamba_Kimilili (Bungoma)

Naomba niingize langu, mimi ni mkulima. Nikichanganya urea ya kunyunyizia mahindi, namimina kwenye ndoo yenye maji yaliyoshinda juani. Nikikoroga kidogo tu, maji yanakuwa baridi kama ya friji, na ndoo inatoa jasho kwa nje. CAN nayo, mbolea nyingine, ukiiweka kwenye maji ni vivyo hivyo. Chokaa sasa, ile isiyozimwa, tulipokuwa tunapaka kuta za shule ya msingi, ukiitia maji inachemka yenyewe mpaka pipa haligusiki. Hizi zote ni mbolea na mawe, hakuna kiberiti wala hewa. Je, na hapo ni bondi?

Mwalimu_Njoro

Nafundisha kemia, na nimesahihisha maandishi ya kutosha kujua alama zinapotelea wapi kwenye mada hii. NyarAhero amesema yote ya maana. Mimi nitakuwa mchoyo, nitaongea mtihani tu.

Kijana, jibu lako ni −2046, si 2046. Ile alama ya kutoa ndiyo inayomwambia mtahini kwamba unajua joto limetoka nje. Wapo wanaofanya hesabu yote ukurasa mzima halafu wanaiacha mwishoni. Wengine wanaandika kilojuli bila "kwa moli".

Kuna mtego wa kaboni na oksijeni. Majedwali mengi yana namba mbili za bondi hiyo yenye mikono miwili: 805 kwa kaboni dioksaidi, na 745 au karibu na hapo kwa misombo mingine kama propanoni. Ukichukua 745 kwa propani utapata −1686, utashangaa joto limekwenda wapi. Kwenye mtihani tumia namba ulizopewa kwenye swali, hata kama zinatofautiana na za kitabu chako kwa moja au mbili. Usilete zako kutoka nyumbani.

Tena namba hizi ni wastani. Methani ina bondi 4 za kaboni na haidrojeni. Kuing'oa haidrojeni ya kwanza kunadai karibu 439, ya mwisho karibu 338. Zile 413 ni za kufanyia kazi.

Mwisho, chora mchoro wa viwango vya nishati. Mwanafunzi anayeanza na mchoro huwa hageuzi ishara.

MitungiFreeArea

Asanteni sana. NyarAhero, nimesoma nikiwa nimesimama, mteja akaniuliza kama nimepata habari mbaya.

Nimeielewa ile ya hewa. Na imenikumbusha kitu. Wapo wateja wanaorudisha mtungi wakilalamika kwamba gesi "imetiwa maji", kwa sababu moto umekuwa wa njano na sufuria zinaota masizi. Siwezi kutia maji kwenye mtungi uliofungwa kwa lakiri, lakini nimekosa namna ya kuwaeleza. Je, hilo nalo liko kwenye hesabu hii?

Na zile 174 zilizobaki bado zinanikera. 2220 toa 2046.

NyarAhero

Nimerudi. Nianze na hizo 174 maana zitamnyima usingizi.

Jedwali la bondi linahesabu vitu vyote vikiwa gesi, molekuli moja moja hewani. Kwa hiyo maji uliyounda kwenye hesabu yako ni mvuke. Kitabu kilichoandika 2220 kimehesabu maji yakiwa yamepoa na kuwa kimiminika. Mvuke ukigeuka maji kwenye nyuzi 25 unatoa kilojuli 44 kwa moli. Una moli 4 za maji: 176. Ongeza kwenye 2046 upate 2222. Zile 2 zinazobaki ni wastani wa Mwalimu_Njoro. Si kila msombo utakubali vizuri hivi, propani imekuonea huruma.

Kwa jikoni, kusema kweli, namba yako ya 2046 ndiyo ya haki. Mvuke wa moto ule hauwi maji chini ya sufuria ya chapati. Unatoka na kwenda zake. Ila ukiweka sufuria ya maji baridi juu ya moto utaona chini yake pametota kwa dakika ya kwanza. Ni huo huo mvuke, unarudisha hizo 44 zake.

Moto wa njano: wateja wako wanaona kitu cha kweli, sababu ndiyo wameikosa. Hewa haiingii ya kutosha, mara nyingi kwa sababu matundu ya jiko yameziba kwa mafuta au uji uliomwagika, au kitundu cha hewa kimefunikwa na vumbi. Kaboni inakosa oksijeni ya kushikana nayo. Nyingine inabaki masizi, na kila moli ya kaboni inayoganda kwenye sufuria imeondoka na kilojuli 394 ambazo hazijatoka. Nyingine inaishia kuwa kaboni monoksaidi, na hiyo imeondoka na 283. Kaboni zote 3 za propani zikiishia huko, joto linashuka kutoka 2220 hadi 1371. Wanapika polepole, gesi inaisha mapema, wanakuja kukulaumu wewe. Waambie wachokonoe jiko kwa sindano na wafungue dirisha. La dirisha uwaambie kwa ukali, kwa sababu kaboni monoksaidi haina harufu. Ile harufu ya gesi waliyoizoea imeongezwa ili uvujaji ujulikane. Haiwezi kuwaonya juu ya moshi usioonekana.

Nikuonyeshe joto linavyopotea. Sisi kwenye maabara tunachoma ethanoli chini ya kopo la bati lenye maji gramu 100. Unapima taa kabla na baada. Tuseme gramu 0.5 imeungua na maji yamepanda nyuzi 20. Maji yamepokea 100 × 4.2 × 20, ni juli 8400, kilojuli 8.4. Gramu 0.5 gawanya kwa 46 ni moli 0.0109. Utapata kama 773 kwa moli, na kitabu kinasema 1367. Wanafunzi wanafikiri nimewapa spiriti mbovu. Nawaambia wapitishe kiganja kando ya kopo, sentimita chache tu kutoka ukingoni, wahisi upepo wa moto unaopanda bila kugusa maji. Halafu waligeuze kopo watazame chini: jeusi. Mchana upepo wa ziwa ukianza kuingia madirishani matokeo yanashuka zaidi, moto unalala upande. Nikifunga madirisha wanakohoa. Kwa hiyo jaribio hilo nalifanya asubuhi.

Shamba_Kimilili, ndugu yangu, umeleta mambo mawili tofauti. Urea ikiyeyuka haivunjiki. Molekuli zinang'olewa kutoka kwenye punje, hapo nishati inaingia. Kisha maji yanazizunguka na kuzishika, hapo nishati inatoka. Inayoingia inazidi kwa kama kilojuli 15 kwa moli, na maji yako ndiyo yanayolipishwa, kwa hiyo yanapoa. Amonia naitreti iliyomo kwenye CAN inadai zaidi, karibu 26. Subiri ndoo irudie joto lake kabla hujaendelea kuongeza, maana urea huyeyuka taratibu kwenye maji baridi.

Chokaa ni mmenyuko kamili. Kule Koru wanachoma mawe ya chokaa tanuruni, na kila moli ya mawe inameza kilojuli 178 ili kaboni dioksaidi itoke. Wewe ukiitia maji inakurudishia 65. Hazirudi zote kwa sababu hujairudisha kuwa jiwe, umeishia kwenye chokaa iliyozimwa. Ukuta wa shule ndio utakaomalizia, ukivuta kaboni dioksaidi ya hewani polepole. Lakini MitungiFreeArea, kwa chokaa usiguse jedwali la bondi. Pale ni ayoni za chumvi zilizopangana, hakuna jozi ya atomi mbili unayoweza kuihesabu. Tumia enthalpia za uundaji (joto la kuunda kila kitu kutoka kwa elementi zake) na sheria ya Hess (jumla ya joto ni ile ile, njia yoyote utakayopita).

Nimebakiza ATP. Binamu yako hakubuni maneno hayo. Fritz Lipmann mwaka 1941 alizungumzia bondi za fosfati "zenye nishati kubwa", akazichorea alama ya kiwimbi, na vitabu vya baiolojia vikaichukua alama na kuacha maelezo. Kuing'oa fosfati ya mwisho kunadai nishati kama bondi nyingine yoyote. Ila haing'oki peke yake. Maji yanaingia, bondi mpya zinaundwa, na vipande vinavyotokea vimetulia zaidi: chaji hasi zilizokuwa zimebanana zimeachana, na maji yamezishika vizuri. Ukijumlisha yote, kama kilojuli 30 kwa moli zinapatikana kwa kazi ya seli. Kwenye karatasi ya baiolojia andika kwamba nishati hutoka ATP inapovunjwa kwa maji kuwa ADP na fosfati. Hapo mwalimu wa baiolojia ataridhika, na wa kemia hatakuwa na la kukukata.

Sasa nenda ukafanye butani bila kutazama popote. Oksijeni ni 6.5, usiogope nusu.

MitungiFreeArea

Butani, nimeifanya nyuma ya risiti.

Kuvunja: 3 × 347 = 1041. 10 × 413 = 4130. 6.5 × 498 = 3237. Jumla 8408.
Kuunda: 8 × 805 = 6440. 10 × 463 = 4630. Jumla 11070.
ΔH (badiliko la joto) = −2662 kJ kwa moli. Mvuke ukiwa maji, 5 × 44 = 220, inakuwa −2882. Kitabu kina −2878.

Halafu nikagawa kwa gramu, kwa sababu mimi nauza kwa kilo. Propani 2220 kwa 44 ni 50.5. Butani 2878 kwa 58 ni 49.6. Wateja wangu wanagombana kila siku kwamba gesi ya kampuni fulani ni kali na ya nyingine ni hafifu. Kwa joto la kilo moja hawana ugomvi wa maana, haifiki hata asilimia 2.

NyarAhero

Sawasawa kabisa. Ila wakikwambia asubuhi ya baridi mtungi mmoja unawaka vizuri na mwingine unasinzia, waamini. Propani inachemka kwenye nyuzi −42, butani kwenye karibu −0.5. Mtungi wenye butani nyingi ukipoa, kimiminika kinakosa msukumo wa kutoka. Joto lake limo, ni vile tu haliji haraka. Huyo mama wa chapati mwambie asiuache mtungi usiku kucha kwenye sakafu ya saruji, auweke juu ya ubao.

MitungiFreeArea

Ubao upo, nampelekea sasa hivi.